Damu ya Baba Mdogo haikumuua Shangazi

Najua nimeadimika hapa kijiweni karibu miezi miwili. Si maringo, ni zamu za usiku. Wale mnaodhani huku Leicester tunaokota pesa barabarani, karibuni mje mniamshe saa kumi jioni, giza limeshaingia, nikajiandae kwenda kazini.

Leo sina habari za theluji. Nina jambo la ukoo, na najua wapo watakaonuna kwamba naanika ya nyumbani kwenye intaneti. Nivumilieni mpaka mwisho, kisha mnitukane mkitaka.

Mnakumbuka Shangazi alivyofariki mwaka 1998. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na ndiye niliyetumwa kupeleka uji wodini. Alikuwa amekonda, hafiki kilo arobaini, macho meupe, miguu imevimba. Miezi mingi alikuwa hana damu ya kutosha. Ndugu wakaitwa kutoa, na wawili wakafaa: jirani mmoja na Baba Mdogo. Jioni ile Shangazi akatundikiwa chupa mbili, moja baada ya nyingine, na dripu ya maji juu yake. Sote tukafurahi. Tukaenda kulala.

Usiku wa manane akaanza kuhema. Aliyelala kitanda cha jirani alitusimulia kwamba Shangazi hakukubali kulazwa chali, alitaka kukaa tu, anakohoa na kutoa povu mdomoni. Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa keshakata roho.

Mnajua kilichofuata, kwa sababu wengine wenu mlikuwa mnakisema. Baba Mdogo na dada yake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya nyumba ya Babu. Basi ikawa "damu ya kinyongo haikai". Wengine wakaenda mbali zaidi, wakataja mganga. Hakuna aliyemshika koo, lakini hakuna aliyempelekea sahani ya biriani Idi ile wala Idi zilizofuata. Akahamia bara, na huko yuko mpaka leo, mzee wa miaka sabini na ushei.

Sasa niwaambie kwa nini nimeyakumbuka haya.

Mnajua siku hizi sibebi maboksi tena, ni msaidizi wa manesi. Kuosha wagonjwa, kuwalisha, kupima joto na presha. Huku mtu akiongezewa damu kuna utaratibu: anapimwa joto, mapigo ya moyo, presha na pumzi kabla ya kuanza, anapimwa tena baada ya dakika 15, na tena ikimalizika. Usiku mmoja mzee wa Kizungu wa miaka themanini na kitu alikuwa na mfuko wa pili. Nikapita, nikamwona anajivuta juu ya mito. Nikahesabu pumzi: 32 kwa dakika, wakati saa moja kabla zilikuwa 18. Nikamwita nesi. Akaifunga damu palepale, tukamkalisha wima, akawekewa oksijeni, daktari akaja akamchoma sindano ya furosemaidi, ile dawa ya kukojoza. Asubuhi mzee aliniomba chai na kulalamika kwamba ni baridi.

Mimi nilikwenda kukaa chooni nikalia. Nilikuwa nimemwona Shangazi.

Nikamuuliza nesi, naye alinieleza kwa utulivu. Kuna mambo mawili ambayo damu inaweza kuyafanya mapafuni hata kama kundi linaoana na imepimwa vizuri. La kwanza ni kuzidiwa na maji. Mtu aliyepungukiwa damu muda mrefu, mishipa yake haiko tupu. Imejaa, ila imejaa damu nyepesi. Ukimmiminia chupa mbili haraka, na moyo umechoka, moyo unashindwa kusukuma na maji yanarudi kujaa kwenye mapafu. Huku wanaliita TACO kwa kifupi, na huonekana zaidi ndani ya saa 12. Walio hatarini ni wazee, wenye moyo au figo mbovu, na wenye mwili mdogo.

La pili wanaliita TRALI. Hilo si wingi wa maji. Ndani ya plazma, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu, huwa kuna kinga za mwili za mtoaji ambazo zinapambana na chembe nyeupe za mgonjwa, na vita hivyo vinajeruhi mapafu yenyewe ndani ya saa sita. Mara nyingi kinga hizo huwa kwa wanawake waliowahi kubeba mimba. Hawaumwi chochote wala hawana kosa, ni miili yao ilijifunza wakati wa ujauzito. Ndiyo maana Uingereza tangu mwaka 2003 walianza kupendelea plazma ya wanaume, na visa vikapungua sana.

Na je, damu isiyooana? Hiyo ina dalili zake: homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, mkojo mweusi. Shangazi hakuwa na hata moja.

Mimi si daktari, na aliye kaburini hapimwi. Lakini hebu pigeni hesabu na mimi. Mtu wa kilo arobaini mwilini mwake mna damu isiyozidi lita tatu hivi. Chupa mbili za damu nzima ni karibu lita moja, na dripu juu yake. Moyo umechoka, miguu imevimba tangu wiki iliyopita. Kinyongo kinahitajika hapo cha nini?

Naona kosa letu ni kwamba nyumbani damu tunaichukulia kama supu: ukiongeza chupa, mgonjwa anaongezeka nguvu. Tunawasonga madaktari, "mbona mmempa moja tu?" Huku mtu asiyetokwa na damu hupewa mfuko mmoja, akapimwa upya, ndipo waamue wa pili. Na msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, ulikuta kwamba watoto wenye damu ya kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, wakiangaliwa kwa karibu, hawakufa zaidi ya wale waliotundikiwa damu papo hapo. Kuangaliwa, ndugu zangu. Hapo ndipo penye dawa.

Wala simtishi mtu. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua anahitaji damu haraka, na mtoto ambaye damu imeshuka chini ya 4 vilevile. Endeleeni kutoa. Ninachoomba ni vitu vitatu. Kwanza, kabla damu haijatundikwa, mwambieni daktari kama mgonjwa ana moyo, ana figo, au miguu inavimba, maana faili halisemi kila kitu. Pili, damu ikianza, mmoja wenu aombe ruhusa abaki, usiku kucha ikibidi. Nesi ana wagonjwa wengi, nyinyi mna mmoja. Akianza kuhema, kukohoa au kukataa kulala chali, msimlaze. Mkalisheni na mkimbilie nesi, mwambieni "pumzi imebadilika tangu damu ianze". Aifunge kwanza, maswali baadaye. Tatu, msidai chupa ya pili.

Jumapili nilimpigia simu Baba Mdogo. Nilimweleza yote haya, pole pole, kama nilivyoelezwa. Alinyamaza nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nadhani labda ni kweli. Nilikuwa na hasira naye siku ile." Akaniambia hajawahi kutoa damu tena, hata mkewe alipohitaji. Alitafuta mtu mwingine.

Huyu ndiye tuliyemnyima sahani ya biriani. Mtu aliyekuwa amegombana na dada yake, akaitwa, akaja, akanyoosha mkono.

Mwezi wa kumi na mbili kuna harusi. Nauli yake nitatuma mimi. Nawaomba wakubwa wa ukoo, kwa heshima zote, atakaposhuka kwenye basi asipokelewe na watoto. Nendeni nyinyi mliokuwa mnasema. Hata kama hamtaki kutaja jambo lenyewe, mchukulieni begi lake.

Haya, usingizi umenizidi na zamu inaningoja. Mlionuna, andikeni maoni hapo chini, nitasoma yote.

Wasalaam, ndugu yenu wa Leicester.