Shem wa Norway Siyo Daraja la Ukoo Mzima, Mwacheni Dada Apumue!

Dada mmoja anayetamba Insta, mzaliwa wa Katesh kule Hanang, jina kapuni, kaposti picha yuko kwenye theluji na mume wake Mnorway. Haikupita saa, komenti zikafurika. Nusu wanamwita mchuna buzi, eti kafuata makaratasi. Nusu nyingine, wakiwemo ndugu zake wa damu, wimbo ni mmoja: "Dada, tuvute na sisi!"

Makundi yote mawili yamechemka.

Kwanza, Mbulu na Hanang kuolewa na Mnorway wala siyo kioja. Hospitali ya Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Norway miaka ya 1950, na mpaka leo madaktari, wauguzi na wanafunzi wa kule wanakuja. Watu wakizoeana wanapendana. Hapo hakuna cha kupeleleza.

Pili, hayo makaratasi siyo mteremko. Mke anaomba kibali cha kuungana na familia, mume ndiye mdhamini. Kwa kawaida wote wawili wawe wamefikisha miaka 24, na mume awe na kipato kinachofikia kiwango cha serikali. Anachopata mke ni kibali cha muda. Ukaazi wa kudumu anauomba baada ya miaka 3, akiwa amesoma lugha na maarifa ya jamii ya kule, na awe na kipato chake mwenyewe kwa miezi 12 iliyopita. Anayetaka kuchuna buzi atafute kazi rahisi zaidi.

Sasa patamu, au tuseme pachungu, ni hapa. Ndani ya miaka hiyo 3, kibali kimefungwa kwenye ndoa. Ndoa ikivunjika, kibali nacho kiko hatarini. Sheria yao imeacha mlango: mke anayepigwa au kunyanyaswa na mume anaweza kuomba kibali chake mwenyewe akaondoka salama. Lakini mlango huo unafunguliwa na anayesema.

Dada wa watu atasemaje? Akipiga simu nyumbani anaambiwa vumilia, usituangushe, wadogo zako wanakutegemea. Akiandika mtandaoni anaambiwa si ulifuata makaratasi, pambana na hali yako. Wanaomtukana na wanaomuomba wanafanya kazi moja bila kujua: wanamziba mdomo. Mume akiwa mwema, heri. Akiwa mkorofi, huyo binti yuko peke yake kwenye baridi.

Na hao wa "tuvute" wanaomba kitu ambacho hata hana. Norway haitoi kibali kwa kaka mtu mzima eti kwa sababu dada yake anaishi kule. Mzazi naye awe amevuka miaka 60, hana mwenza, hana mtoto mwingine wala mjukuu nyumbani. Ukoo gani wa Mbulu una mzazi wa hivyo? Marekani ndiyo raia anaweza kumdhamini ndugu yake, ila foleni yake inazidi miaka 10. Ukianza leo na ndevu nyeusi, utafika na mvi.

Kuna wanaomshauri pia achukue paspoti ya kule fasta. Taratibu! Ukaazi wa kudumu hauondoi Utanzania. Uraia ndiyo unaouondoa. Norway iliruhusu uraia pacha mwaka 2020, Tanzania bado haijaruhusu kwa watu wazima. Na sheria ya ardhi ya mwaka 1999, ilivyotungwa, haikumruhusu mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Shamba la vitunguu saumu alilojinunulia Mbulu, hapo ndugu haohao watakuwa wa kwanza kulipigia hesabu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe lenyewe ni darasa la lugha na kazi ya alfajiri kwenye barafu, na hakuna wa kumsaidia kulishika. Anayempenda kweli aanze na "shem anakutunza, unalala kwa amani?" kabla ya "utanivuta lini?" Swali hilo la kwanza linaweza kumuokoa. La pili halijawahi kumfikisha mtu Oslo.

Wadau mnasemaje? Dada akiwa kwa mume ughaibuni, ndugu wana haki ya kudai wavutwe?