Wema Wake Ndio Unaomhukumu



Toleo hili tumelipa mada ya uhalifu, na hadithi zimetufikia hapa Kilema kutoka pande zote za mlima Kilimanjaro, na nyingine kutoka mbali zaidi. Tulipozisoma zilijigawa zenyewe mafungu mawili. Katika fungu la kwanza mhalifu ni mbaya tangu tumboni mwa mama yake: macho mekundu, kovu shavuni, kicheko cha kutisha, wala hakuna kiumbe anayempenda. Katika fungu la pili, ambalo ndilo kubwa, mhalifu ni jambazi mwenye huruma. Asubuhi anapora benki Moshi mjini, jioni anamlipia ada mtoto wa mjane, na kufikia ukurasa wa mwisho mwandishi ameshamsamehe kwa niaba yetu sote. Hadithi nyingi za mafungu yote mawili tumezirudisha kwa wenyewe. Tunawiwa kueleza sababu, na sababu hiyo ndiyo msimamo wa toleo zima.

Tunaamini kwamba wema alio nao mhalifu haumpunguzii uovu wake. Unauongezea uzito. Mtu ambaye hajawahi kumpenda yeyote, akiua, tunabaki na msiba na hofu, lakini hatuna la kumwuliza. Mtu anayeamka usiku kumfunika mwanawe blanketi, huyo akimwua mtoto wa mwenzake, tunalo la kumwuliza, maana thamani ya uhai ameishika kwa mikono yake. Mwandishi anayeuficha wema huo anatuletea hukumu isiyo na kazi. Mwandishi anayeutumia kama sabuni ya kumtakasia mtu wake anatuletea hukumu ya uongo.

Mahakama haiwezi kutufanyia kazi hii, na hatupaswi kuilaumu. Kwa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kifo, na jaji hana nyingine ya kuchagua. Kwa zaidi ya miaka 25 sasa hakuna aliyenyongwa nchini, lakini hukumu zinaendelea kusomwa. Jaji akisharidhika kwamba mshtakiwa aliua na alikusudia, habari kwamba alikuwa baba mwema, jirani mwema, mtu wa kwanza kufika penye msiba, haibadilishi neno hata moja la hukumu. Sheria inauliza umefanya nini, na kwa nia gani. Hadithi inaruhusiwa kuuliza zaidi: ulikuwa nani kabla, ulijua nini ulipoinua mkono, na uliyemwangukia naye alikuwa nani. Ruhusa hiyo ni kubwa, na mwenye ruhusa kubwa ana deni kubwa.

Fasihi yetu imelilipa deni hilo kwa njia mbalimbali. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwapa wahusika majina yanayowaumbua kabla hawajafungua kinywa: Adili na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Msomaji wa haraka atasema hapo hapana utata, mema yako huku na mabaya kule. Arudi aisome sehemu ya manyani. Ndugu hao walimtosa Adili baharini. Adhabu yao ni kugeuzwa manyani, na aliyeamriwa kuwapiga mijeledi kila usiku ni Adili mwenyewe. Anawapiga huku anaumia, kisha anawalisha. Kosa lao halifunikwi. Lakini anayeishika fimbo ni ndugu yao wa damu, naye haoni raha kuishika. Uchungu wa Adili unatufundisha namna ya kuhukumu kwa uzito unaostahili bila kuufurahia.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na kwetu wa Kilimanjaro una uchungu wa pekee. Mwaka 1975 Euphrase Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo. Tumaini, kijana aliyerithi mali, anaitapanya kwa starehe na wanawake, kisha anajirudi, anakuwa mkulima mkubwa na mwenye nyumba yake. Siasa ya Ujamaa inapolifikia shamba lake, anamwua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wasomaji wengi wamekisoma kitabu hicho wakiwa na Isimani kichwani. Huko Isimani, mkoani Iringa, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa katika eneo la wakulima wa mahindi wenye matrekta yao. Ilikuwa sikukuu ya Krismasi na Mwamwindi alikuwa shambani. Baada ya kumwua aliupakia mwili katika gari la marehemu, akauendesha hadi polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Akahukumiwa kifo, na hukumu ikatekelezwa.

Ukimsimulia mtu kisa hicho leo, moyo wake mara nyingi unakwenda kwa mkulima. Ni rahisi kuelewa. Mtu amevunja pori, amenunua trekta, ameona mavuno, halafu anakuja mwenye cheo kumwambia kwamba jasho lake ni mali ya kijiji. Hata sisi tunaoishi kwa kihamba, yaani shamba la ukoo, tulioachiwa ardhi na babu zetu na tutakaoiachia wajukuu, tunamwelewa upesi mno. Lakini Klerruu alitoka huku kwetu, Kilimanjaro. Alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu aliyeipata Marekani, katika nchi changa iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, na jina lake leo limo katika Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa. Waliomlilia wako miongoni mwetu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunapokisoma kisa cha Tumaini kama kisa cha mkulima jasiri na kiongozi fulani tu aliyekufa, tumeshamfanya aliyekufa kuwa nguruwe wa methali.

Tukirudi kwenye riwaya, kinachompa Tumaini uzito ni kule kujirudi kwake. Laiti angebaki mpotevu wa kurasa za mwanzo, kifo alichokisababisha kingekuwa fujo moja zaidi katika uwanja wa fujo. Kezilahabi alimpa kwanza kazi, nyumba na matumaini kama jina lake, akamfanya mtu anayejua jinsi maisha yanavyojengwa polepole. Ndipo akamwonyesha akiyabomoa maisha ya mwingine kwa mara moja. Dhuluma aliyotendewa ni ya kweli, na damu aliyoimwaga ni ya kweli. Mwandishi hakuziweka katika mizani moja ili zifutane, na sisi wasomaji hatuna ruhusa ya kufanya hivyo.

Kuna atakayetuuliza: sheria ya nani? Swali ni halali, na mlima huu una haki ya kuliuliza kuliko wengi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, kwa shtaka la kupanga njama dhidi ya utawala wao. Katika makaratasi yao alikuwa mhalifu. Miaka mingi baadaye, serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro uliosimama tangu 1933, ukavunjwa pamoja na vingine. Mkulima aliyeona kahawa yake inanunuliwa kwa bei ndogo na malipo yanachelewa, na bei ya Kenya iko ng'ambo tu ya Himo, alijua njia ya Taveta. Mwaka 1983, serikali ilipowatangazia vita wahujumu uchumi na kuwatungia sheria yao, mkulima huyo naye aliingia katika jina hilo kubwa. Kwa hiyo hatumwombi mwandishi achukue kitabu cha sheria akifanye kipimo cha wema. Sheria nayo ipimwe. Lakini ikishapimwa na kuonekana pungufu, bado swali moja halijaguswa: nani aliumia? Magendo ya gunia la kahawa si sawa na mauaji, na mauaji hayageuki magendo kwa sababu muuaji alikuwa na kinyongo cha haki.

Swali hilo la nani aliumia wazee wetu walilijua vizuri. Kila kihamba hapa Kilema kina sale, wengi husema masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani usiokufa kwa urahisi hata ukikatwa. Umepandwa mpakani kati ya jirani na jirani, na umepandwa penye makaburi. Jani lake ndilo linalotumwa kuomba msamaha. Aliyekosa hajipeleki tu kusema samahani. Anatafuta mtu mzima wa kumsemea, jani la sale linapelekwa kwa aliyekosewa, maneno yanasemwa mbele ya wazee, na pombe ya mbege ina nafasi yake. Aliyeletewa sale hawezi kulikataa kirahisi; kulikataa ni jambo la kutisha.

Wageni wanaosikia desturi hii huisifu kwa upole wake. Sisi tunaisifu kwa ukali wake. Sale halipelekwi hewani. Linapelekwa kwa mtu mwenye jina, katika nyumba inayojulikana, kwa kosa linalotajwa. Na mmea ule ule unaoombea msamaha ndio unaoshika mpaka: ukisamehewa leo kwa kuingia shamba la jirani, kesho masale ya mpakani yako palepale yalipokuwa. Msamaha wa sale hauhamishi mpaka. Hadithi nyingi tulizozirudisha zilitaka msamaha wa aina nyingine, ambao msomaji anautoa kwa niaba ya mtu asiyeulizwa, na ukishatolewa hakuna tena anayejua mpaka ulipita wapi.

Said Ahmed Mohamed aliliona hili katika Utengano, riwaya ya mwaka 1980. Maksuudi ana mali, cheo na heshima ya mtaa, na nyumba yake ni jela ya mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Mambo yanamgeukia, anaporomoka, na msomaji anaanza kumhurumia bila kupenda. Ni huruma ya haki, kwa kuwa mzee aliyeanguka ni mtu. Lakini mwandishi hakumwachia Maksuudi kitabu. Alimfuata Maimuna alipotoka nje ya kuta zile, akatuonyesha hatua kwa hatua kile ambacho kufungiwa kulimfanyia. Majuto ya baba yanapokuja, tayari tunajua yanahusu nini. Tumeona bei.

Hadithi inayofungua toleo hili tumeichagua kwa kipimo hicho. Mhusika wake ni mlanguzi wa kahawa wa miaka ile ya magendo. Usiku mmoja anasimamisha lori barabarani na kumpakia mama mwenye uchungu wa uzazi juu ya magunia, akamfikisha Hospitali ya Kilema, akapoteza saa mbili ambazo zingeweza kumtia mikononi mwa polisi. Hakuna aliyemlazimisha. Alfajiri hiyo hiyo, karibu na mpaka, lori linapinduka na kijana mpakizi wake anabanwa chini ya mzigo. Kijana bado anapumua. Mlanguzi anaangalia barabara, anaangalia magunia, anaita watu waokoe magunia kwanza.

Miaka inapita. Mlanguzi anawalipia ada wadogo wote wa marehemu, hadi wa mwisho, na hasemi kwa nini. Mama yao anamwombea kila Jumapili kwa jina. Angalia kilichotokea hapo: ada ni ile ile ya jambazi mwenye huruma wa fungu la pili, na kila risiti inazidi kumshtaki. Mtu aliyempa mama mjamzito saa mbili alijua saa mbili zina thamani gani. Mwandishi hakuandika hata sentensi moja ya kumlaani, wala ya kumtetea. Amempa yule mama kurasa nne nzima, jikoni kwake, akichambua maharage na kumsimulia jirani sifa za mfadhili wake. Hazisomeki bila kuumwa.

Baada ya hadithi hiyo utakutana na nyingine ambazo hazifanani nayo. Kuna ya karani aliyeiba fedha za chama, ya binti aliyemtilia sumu mjomba wake, na ya askari aliyemwachia mwizi akimbie kwa sababu aliifahamu njaa yake. Kuna pia makala mbili za uhakiki ambazo zinapingana na neno hili waziwazi, na mojawapo inashikilia kwamba msomaji ana haki kamili ya kumpenda mhalifu bila kulipa chochote. Tumezichapa kwa sababu zimeandikwa na watu waliofikiri, na kwa sababu tungependa ubishi huu uendelee vilabuni, madarasani na baada ya misa.

Kwa waandishi wanaojiandaa kwa matoleo yajayo tuna ombi moja. Kabla hujatutumia hadithi ya mhalifu wako, mwandikie aliyeumizwa ukurasa mmoja: ana jina gani, anakaa wapi, alikuwa anataka nini siku ile. Si lazima ukurasa huo uingie kwenye hadithi. Ukishindwa kuuandika, hadithi haijaiva. Ukiweza, basi mpe mhalifu wako wema wote unaoutaka, umpe upendo, ucheshi, imani na mikono inayojua kazi, wala usiogope kwamba msomaji atampenda. Msomaji ampende sana, ndipo atakapojua kwamba aliyefanya ovu lile alikuwa mtu mwenye uwezo wa kutolifanya.