Mcheza Ugenini Naye Atunzwe

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ni tamu kwa mwenyeji, lakini ni chungu kwa mgeni. Ikiwa atunzwaye ni mcheza kwao peke yake, ni nani atakayemtunza yule aliyeivuka Bahari ya Hindi akaja kucheza kwetu? Swali hili, ewe msomaji, ni lako kuliko langu, maana Mombasa ya kesho itakuwa mikononi mwako.

Nasema juu ya wachezaji watokao India, Pakistani, Nepali na nchi jirani zao. Sisemi juu ya wajukuu wa wafanyabiashara na mafundi walioingia zamani, ambao jamii yao ilitangazwa rasmi mwaka 2017 kuwa ya 44 katika makabila ya Kenya. Hao ni wenyeji kama wewe. Nasema juu ya waliofika wenyewe, wasio na mjomba wala shangazi kisiwani, na ambao mali yao yote ni miguu na mikono iliyofundishwa toka utotoni.

Wako wasemao kuwa michezo ya kigeni itaharibu mila zetu. Wasemao hivyo na waingie Mji wa Kale wasikilize taarabu. Tabla ilitoka India. Tashkota ilibuniwa Japani, ikaja ikafanywa mwenyeji. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa sauti za filamu za Kihindi. Je, Kiswahili chake kilipungua? Katika siku tisa za Navaratri, Wahindu hucheza garba kwa duara na dandia kwa kugonganisha vijiti. Mswahili ajuaye kirumbizi hatastaajabu kuona fimbo zikicheza. Nyumba haiharibiki kwa kuongezwa dirisha.

Wako wengine wasemao kuwa wachezaji hao ni watu wa aibu. Hoja hii ina ukatili ndani yake. Mujra ni mchezo uliopata heshima katika majumba ya watawala wa Kimogoli wa India; leo wasichana huletwa Nairobi na Mombasa kuucheza katika vilabu vya usiku. Mwaka 2019 polisi waliwaokoa wanawake 12 wa Kinepali katika klabu moja hapa Mombasa. Hila ya biashara hii inajulikana: mgeni huahidiwa kazi njema, kisha hunyang'anywa pasipoti, hufungiwa nyumbani mchana, na huambiwa kuwa ana deni la nauli. Kenya ilitunga sheria ya kupinga biashara ya watu mwaka 2010. Basi aibu ni ya nani: ni ya afungwaye au ya afungaye? Umma unaomcheka msichana na kumwamkia tajiri wake kwa heshima umeigeuza haki kichwa chini miguu juu.

Wako wa tatu wasemao: Wahindi wana mali, na wasaidiane wenyewe. Neno hili ni uvivu wa kufikiri. Mwenye duka la kanga katika Biashara Street na mchezaji aliyeshuka jana kutoka Nepali hawana lugha moja, wala dini moja lazima, wala mfuko mmoja kabisa. Mwafrika tajiri wa Nairobi hakulipii wewe karo ya shule kwa sababu ya rangi yake. Kwa nini tudai hivyo kwa wengine?

Msaada nitakao si sadaka. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Jembe la mchezaji ni jukwaa. Apewe mkataba ulioandikwa kwa lugha aijuayo. Pasipoti yake ikae mfukoni mwake. Ujira wake utiwe mkononi mwake, maana makofi hayapikwi yakaliwa. Ajuaye bharatanatyam au kathak apewe ukumbi wa shule, wanafunzi na malipo halali, acheze mbele ya wazazi na watoto, mahali penye mwanga. Aonekanaye na watu wengi ni vigumu kufichwa na mtu mmoja.

Wewe uliye darasani unaweza kuanza. Shule yenu ijiandaapo kwa Tamasha la Muziki la Kenya, ombeni mwalimu wa michezo ya Kihindi aitwe, na aitwapo alipwe kama aitwavyo fundi wa ngoma zenu. Usikiapo mzaha juu ya wasichana wa mujra, uliza pasipoti zao ziko wapi, mzaha utakoma.

Twasema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyemfungia mlango. Mombasa ilipata jina kwa bandari yake, na bandari hupimwa kwa namna impokeavyo ashukaye mikono mitupu.