Treni ya Kuchezea Si Mchezo Mtupu

Ukifuata njia ya reli kwenye ramani ya Kenya kuanzia Mombasa, kidole chako kitapanda Voi, kitafika Nairobi, kitapita Nakuru, kisha kitaishia Kisumu au Malaba. Kusini mwa Kisumu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Nyanza Kusini na ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, hutakuta mstari wowote. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, na wenyeji wa Homa Bay na Kendu Bay wakaletewa meli badala ya gari la moshi. Meli hizo zilikuwa za shirika la reli lenyewe, hata tunaweza kusema kuwa watu wa huko waliijua reli kwa njia ya maji.

Basi msomaji ataniuliza: pahali pasipo reli, pana haja gani ya kuzungumza treni? Nami najibu kuwa haja ipo, tena ni kubwa kuliko pahali palipo nayo. Maoni yangu ni kwamba watoto wa Migori na Homa Bay wafundishwe kuchora na kutengeneza reli ndogo za mfano, zile ambazo Wazungu huzitandaza juu ya meza, na wafundishwe kwa kompyuta.

Mchezo huu ni wa zamani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni zake zenye vipimo maalumu vya reli katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, miaka mitano kabla ya taruma la kwanza kulazwa Mombasa. Tangu hapo umekuwa ufundi wenye hesabu zake. Kipimo kinachopendwa sana ni cha 1 kwa 87, yaani mita 87 za ardhini huwa mita moja mezani. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja; kwa kipimo hicho huwa takriban milimita 12 tu.

Ziko reli za vipande vigumu, ambazo mtoto huziunganisha kama alivyopewa na kiwanda. Na iko reli ya kupindika, aghalabu huuzwa kwa urefu wa yadi moja, ambayo mataruma yake ya plastiki yanakubali kukunjwa upendavyo. Hii ndiyo yenye elimu. Ukiikunja, chuma cha ndani hutokeza mbele ya cha nje, kwa sababu safari ya ndani ya kona ni fupi. Sharti ukate kilichozidi kwa msumeno mwembamba. Ukikunja mno, behewa litaruka njia. Ukiingia kwenye kona ghafla bila kuianza polepole, treni itayumba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Reli nayo, mwenye kuikunja hana budi kujua mapema itapita wapi, kwa kuwa ikishakatwa haiungiki tena vizuri.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Iko programu iitwayo XTrackCAD, ambayo hupatikana bila malipo, na nyingine kama SCARM na AnyRail ambazo mtu anaweza kuanza nazo bure kwa michoro midogo. Mchoraji huvuta mstari kwenye kioo, nayo programu humpimia kona na kumwonya ikiwa kali kupita kiasi alichokiweka. Humwonyesha mwinuko pia. Tuseme unataka njia moja ipite juu ya nyingine kwa sentimita 7, na mpando usizidi 2 katika 100: utahitaji mita tatu na nusu za kupandia. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatasahau kwa nini reli huzunguka mlima badala ya kuuparamia.

Wapo watakaosema kuwa hizi ni anasa. Shule nyingi zina upungufu wa madawati, sembuse vitreni vya umeme kutoka ng'ambo! Hoja hiyo ni ya haki, na siipuuzi. Lakini jambo ninalolitaka halianzi na kununua treni. Mchoro wa kompyuta haugharimu hata inchi moja ya chuma, na mtoto akikosea hufuta akaanza tena. Programu ya XTrackCAD huweza kuchapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, karatasi kwa karatasi, zikaunganishwa juu ya ubao. Na kilichobaki watoto wa huko wanacho: ni nani asiyewajua wavulana wetu wa bara wanaokunja waya wakaunda lori zima lenye usukani? Waya huo huo ukifuata mstari uliochapishwa huwa reli, na vijiti huwa mataruma.

Huku kwetu pwani hatuna sababu ya kushangaa. Mtoto wa Lamu huchonga kidau cha kuchezea, akakitia tanga na kukishindanisha na wenzake, na hakuna amwambiaye kuwa anapoteza wakati, kwa sababu kila mtu anajua kuwa jahazi la kesho linaanzia hapo. Fundi wa Matondoni huijua mbao kwa jicho na mkono. Reli haikubali jicho peke yake, inataka hesabu; lakini mlango wa kuingilia ni ule ule wa mchezo.

Tena kompyuta zenyewe zina deni kwa treni za kuchezea. Katika chuo cha MIT huko Marekani palianzishwa mwaka 1946 chama cha wanafunzi wapenda treni za mfano. Waliokuwa wakihangaika na nyaya na swichi chini ya ile meza ndio miongoni mwa vijana wa kwanza waliozivamia kompyuta za chuo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuzifanyia mambo ambayo hazikukusudiwa.

Sisi watu wa Mombasa tuna funzo letu. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 kituo kilikuwa Miritini, nje ya kisiwa, na wengi ndipo walipoanza kuuliza kwa nini, wakati zege limekwisha kauka. Asiyejua kusoma mchoro huuliza akiwa amechelewa. Ikiwa siku moja itasemwa reli ifike Homa Bay, ipande kutoka ufuoni hadi Rongo na kuteremkia Migori, ni vyema wakutwe vijana ambao wamekwisha kuichora mara kumi, wanaojua kona gani haiwezekani na daraja litahitajika wapi.

Kwa hiyo naziomba kaunti hizo mbili zijaribu katika vyuo vichache vya ufundi: kompyuta moja, mashine ya kuchapishia, ubao na bunda la waya. Na wazazi nawaomba wasimkemee mtoto anayekunja waya sebuleni. Wamwulize tu: kona hii, gari lako litaiweza?