Safari ya Baiskeli Isigeuzwe Gwaride

Katika miaka ya karibuni, waendesha baiskeli wamekuwa wakiondoka Dar es Salaam kwenda Butiama mkoani Mara, mahali alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia 14 Oktoba 1999, ili kumuenzi. Safari hiyo, ijulikanayo kama Twende Butiama, si mashindano ya mbio. Njiani hupandwa miti na shule husaidiwa. Ni jambo la kupongezwa, na kwa sababu hiyo hiyo yafaa litazamwe kwa makini, maana jambo jema lisipolindwa huharibika upesi.

Hatari inayozikabili safari za namna hii inafahamika kwa kila mtumishi wa umma aliyewahi kupangiwa kazi ya kupokea wageni. Shughuli huanza kwa nia safi. Baadaye huja fulana, mabango, magari ya kusindikiza, hotuba ndefu na chakula cha wakubwa. Wanakijiji hupangwa kando ya barabara wapige makofi, na wanafunzi husimamishwa juani tangu asubuhi. Wageni wakishapita, kijiji hubaki na vumbi lake. Safari ya baiskeli ikifikia hapo huwa imekwisha kuwa gwaride, na mwananchi aliyekusudiwa kuheshimiwa huwa amegeuzwa mtazamaji.

Je, safari ndefu ya watu wengi yaweza kuendeshwa kwa namna nyingine? Yaweza. Nchini Ufaransa iko safari ya kutoka eneo la Paris hadi mji wa Brest, kwenye pwani ya magharibi, na kurudi: kilomita zipatazo 1,200. Ilianzishwa mwaka 1891 na mwandishi wa gazeti, Pierre Giffard wa Le Petit Journal, ikiwa mashindano ya kweli, na mshindi wake wa kwanza, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22. Mwaka 1931 wapanda baiskeli wa kawaida walitengewa safari yao. Mashindano ya wanamichezo wa kulipwa yalifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1951. Wenye mbio wakatoweka, wenye subira wakabaki. Siku hizi safari hiyo hufanyika kila baada ya miaka minne, na ile ya mwaka 2023 ilikusanya maelfu ya watu kutoka mataifa mengi.

Masharti yake ni ya kujitegemea. Anayetaka kwenda hana budi kwanza kumaliza safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Akiisha kuondoka ana muda usiozidi saa 90, mchana na usiku, na katika kila kituo kadi yake hugongwa muhuri. Hakuna fedha ya mshindi. Msaada wa gari hauruhusiwi njiani ila katika vituo maalumu. Tyubu ikipasuka usiku wa manane, mwenyewe huinama kando ya barabara akaziba. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja kwamba kilomita 1,200 kwa saa 90 ni wastani wa kilomita 13 na kidogo kwa saa, pamoja na kula, kusinzia na kuziba pancha. Kinachopimwa hapo ni matayarisho na uvumilivu kuliko nguvu za miguu.

Lililo kubwa zaidi ni nafasi ya wanavijiji. Katika jimbo la Bretagne watu huweka meza mbele ya nyumba zao wakawapa wapita njia kahawa na maji hata saa nane za usiku. Iko familia ambayo kwa miaka mingi imewapa wageni hao chapati nyembamba, mfano wa chapati za maji, isidai malipo ila postikadi moja kutoka kwa mgeni atakapofika kwao. Hakuna aliyewaamuru. Mgeni anayekuja kwa jasho lake mwenyewe hupokewa kwa moyo. Anayekuja kwa king'ora hupokewa kwa amri.

Somo hili si geni kwa Tanzania. Mwaka 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, ulikofanyika mkutano wa TANU, kuunga mkono Azimio la Arusha. Hakwenda kwa miguu kwa kukosa gari. Alijua kwamba kiongozi akitembea, mwananchi humfikia, humsalimu na humweleza yaliyomo moyoni. Baiskeli, ingawa ni ya kasi zaidi, bado haijamtenga mtu na sauti ya mwenzake.

Ofisa apitaye barabara ya kati ndani ya gari lililofungwa vioo huona Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga kama majina ya vibao. Akipita kwa baiskeli, huhisi upepo wa Singida kifuani, huomba maji katika nyumba ambayo maji hayo yamechotwa mbali, na huandamana na mtoto aliyekwisha kutembea saa nzima kabla ya kengele ya shule. Taarifa atakayoiandika akirudi ofisini itakuwa na uzito mwingine.

Hapana budi pia kuitaja kasumba. Wapo wazee wanaokumbuka enzi za baiskeli za Swala za kiwanda cha NABICO, wakati mwalimu au bwana shamba alipofika kazini kwa baiskeli na heshima yake isipungue hata kidogo. Leo wapo wasomi wanaoionea haya baiskeli siku zote za mwaka, kisha wakaipanda kwa fahari mara moja, mbele ya kamera. Huko ni kuigeuza kuwa vazi la sikukuu.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mbeba mkaa, muuza maziwa, fundi mwenye sanduku la vifaa kwenye kariya, na kijana wa Shinyanga anayepakia abiria, wote hao hupita katika barabara zile zile bila gari la kuwasindikiza. Basi likipiga honi hushuka kwenye changarawe, na wapo wasioinuka tena. Mpanda baiskeli wa burudani hulindwa siku chache. Mwananchi hubaki peke yake siku zote zilizobaki. Safari isiyosema lolote juu ya jambo hilo imepita barabarani ikiwa imefumba macho.

Basi wanaoandaa safari hizi, na watumishi wanaowapokea, wana kazi ya kufanya. Magari yapunguzwe, yabaki yale ya huduma ya kwanza na usalama. Wapandaji wajitayarishe kwa hatua, wajue kuziba pancha na kukaza cheni. Wanafunzi waachwe darasani, na mgeni awafuate huko akawafundishe jambo. Kila mkoa ukipitwa, iandikwe taarifa: wapi barabara haina nafasi ya baiskeli, wapi daraja ni jembamba, wapi kona inaua, na taarifa hiyo ifikishwe kwa wenye dhamana ya barabara. Mti uliopandwa mwaka huu utazamwe mwaka ujao kama umeota au umekauka.

Yakifanyika hayo, atakayefika Butiama miguu ikimtetemeka, awe wa kwanza au wa mwisho, atakuwa na neno la kumweleza Mwalimu kaburini pake. Na yule mbeba mkaa, asubuhi ya kesho yake, atakuwa na walau hatua moja ya lami ya kumtosha yeye na mzigo wake.