Ukibadilishana Chombo na Ndugu Yako



Wahenga walisema: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune." Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu hupita. Lakini ugomvi wa mali unaweza kukaa misimu mingi ya mavuno. Ndiyo maana mwezi huu tutazungumza juu ya ndugu wanaobadilishana vyombo vya kusafiria na kubebea mizigo.

Mkulima mmoja wa Wilaya ya Sengerema ameniuliza hivi:

"Bwana Shamba, mimi nina maksai wawili na mkokoteni. Mdogo wangu anakaa ng'ambo, Wilaya ya Misungwi. Yeye ana pikipiki ya kubeba abiria. Anataka tubadilishane. Amechoka na barabara, anataka kulima. Mimi nami naipenda ile pikipiki, maana nitawahisha maziwa sokoni. Lakini nina wasiwasi. Nikikataa, atasema nimemnyima. Nikikubali, sijui nitapata faida au hasara. Nifanye nini?"

Swali hili ni zuri. Linawahusu watu wengi wa kando ya ziwa. Wengine wanabadilishana baiskeli kwa pikipiki. Wengine wanabadilishana mtumbwi kwa bajaji. Vyombo ni tofauti, lakini mambo ya kufikiri ni yale yale.

CHOMBO NI KAZI YAKE

Watu wengi wakitaka kubadilishana huuliza swali moja tu: "Kipi kina bei kubwa?" Swali hilo halitoshi. Uliza pia: "Chombo hiki kinafanya kazi gani nyumbani kwangu kwa mwaka mzima?"

Tuanze na maksai. Wakati wa mvua wanavuta plau. Maksai wawili wenye afya wanaweza kulima eka moja kwa siku mbili hivi. Kwa jembe la mkono, mtu mmoja atafanya kazi hiyo kwa wiki nzima au zaidi. Baadaye wanavuta mkokoteni. Wanabeba samadi kwenda shambani. Wanabeba pamba, mahindi na mpunga kuja nyumbani. Wakati wa kiangazi wanabeba maji na kuni. Mkokoteni unaweza kubeba madumu 20 ya lita 20 kwa safari moja. Hizo ni lita 400.

Sasa tutazame pikipiki. Haiwezi kulima. Haiwezi kubeba lita 400 za maji. Lakini ina mbio. Maziwa yatafika sokoni kabla hayajaganda. Samaki watafika kabla hawajaharibika. Mgonjwa atafika zahanati mapema. Tena inaweza kuleta pesa kidogo kidogo kila siku, na maksai hawaleti pesa kila siku.

Kwa hiyo usiseme kimoja ni bora kuliko kingine. Kila kimoja ni bora kwa kazi yake. Kama una eka nyingi na maji yako mbali, maksai ni mikono yako. Kama una shamba dogo na ng'ombe wa maziwa, pikipiki inaweza kukufaa zaidi.

Kumbuka pia kwamba barabara ikibadilika, faida ya chombo hubadilika. Zamani mtu wa Sengerema aliyekwenda Mwanza kupitia Busisi alingoja kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi. Urefu wake ni kilomita 3. Sasa vyombo vinavuka bila kungoja kivuko. Mtu mwenye maziwa au samaki wa kuuza ana sababu ya kupiga hesabu upya.

NANI NYUMBANI ATAUMIA?

Jambo hili husahauliwa sana. Mkokoteni ni chombo cha watu wengi. Mama anautumia kuleta maji. Vijana wanautumia kuleta kuni. Jirani anauazima kubeba mavuno. Lakini pikipiki hutumiwa na yule anayejua kuiendesha, naye ni mmoja tu.

Basi baba akibadilisha mkokoteni kwa pikipiki, yeye atapanda. Lakini mama anaweza kurudi kubeba ndoo kichwani. Hiyo si faida ya nyumba. Ni faida ya mtu mmoja na hasara ya wengine.

Kabla ya kumjibu ndugu yako, kaa na mkeo na watoto wako wakubwa. Waulize: "Mkokoteni ukiondoka, maji yatakujaje? Shamba litalimwaje?" Mali hiyo mmeitafuta pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua juhudi za mume na mke katika kupata mali. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Kwa hiyo usiuchukue mkokoteni kama vile ni kofia yako ya kichwani.

KINACHOPANDA NA KINACHOSHUKA

Pikipiki huanza kushuka bei siku ile unapoitoa dukani. Kila mwaka inashuka. Inataka petroli, oili, matairi, cheni na bima. Ikikaa bila kazi, bado inazeeka.

Maksai wanakula majani. Maksai kijana aliyelishwa vizuri anaongezeka uzito na bei yake inapanda. Akizeeka unaweza kumpumzisha, ukamnenepesha na kumuuza kwa nyama. Lakini maksai naye ana hatari yake. Pikipiki haiugui ndigana. Maksai asipoogeshwa anaweza kufa kwa magonjwa ya kupe. Kiangazi kikiwa kirefu, anakonda. Akifa mmoja, yule aliyebaki hawezi kuvuta nira peke yake.

KAGUA HATA KAMA NI NDUGU

Kukagua chombo cha ndugu si kumdharau. Ni kumlinda. Ukigundua ubovu mapema, mtazungumza. Ukiugundua baadaye, mtagombana.

Anayechukua maksai atazame haya:

1. Meno. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ana meno manane ya mbele chini. Meno mawili ya kwanza ya kudumu huota akiwa na miaka miwili hivi. Akiwa na yote manane ya kudumu, amefika miaka minne au zaidi. Yakiwa yamelika na kuachana, amezeeka.

2. Kwato, miguu na bega. Bega lenye kidonda cha nira lina kasoro.

3. Kazi. Wafunge kwenye plau, walime mbele yako.

4. Mkokoteni. Tazama magurudumu, ekseli na mbao.

Anayechukua pikipiki atazame haya:

1. Injini. Ikiwa imepata moto na bado inatoa moshi wa buluu, inachoma oili.

2. Breki, taa, matairi na cheni.

3. Namba ya injini na namba ya fremu. Lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kadi.

4. Madeni ya faini za barabarani. Deni huandikwa kwa namba ya chombo. Ukichukua chombo chenye deni, utakuja kusimamishwa wewe.

KADI NI YA NANI?

Hapa ndugu wengi wameumia. Vijana wengi wa bodaboda huendesha pikipiki ya mkataba. Kijana hupewa pikipiki na tajiri. Humpelekea pesa kila wiki mpaka amalize. Akimaliza hupewa kadi, na pikipiki inakuwa yake. Kabla hajamaliza, pikipiki si yake, hata kama ameiendesha mwaka mzima na majirani wote wanasema ni yake.

Fikiri kitakachotokea. Umetoa maksai wako. Umepokea pikipiki. Baada ya miezi miwili anakuja tajiri, anasema, "Hii ni yangu, deni halijaisha." Anaichukua. Mdogo wako ameshauza maksai mmoja ili alipe karo. Sasa huna maksai, huna pikipiki, na huna mdogo wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo mwambie ndugu yako, kwa upole: "Mdogo wangu, naomba nione kadi." Kama kadi ina jina lake, vizuri. Kama ina jina la mtu mwingine, nendeni wote wawili kwa mtu huyo. Kama deni lipo, limalizwe kwanza.

Kisha badilisheni jina. Vyombo vya moto husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Mtahitaji kadi yenyewe, mkataba wenu na namba ya mlipa kodi ya kila mmoja. Kuna ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu. Ulizeni kiwango kabla ya kupatana, na mkubaliane nani atalipa. Msiache jina la zamani kwa kusema "sisi ni ndugu". Ajali ikitokea, atakayetafutwa kwanza ni yule mwenye jina kwenye kadi. Hakikisheni pia bima. Na wewe unayepokea, pata leseni ya udereva wa pikipiki kabla ya kuingia barabarani.

Kwa upande wa maksai, wakihamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine, pateni kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa Afisa Mifugo.

BEI ZIKITOFAUTIANA

Mara chache vitu viwili huwa na bei sawa. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme maksai mmoja ni shilingi 800,000. Wawili ni shilingi 1,600,000. Mkokoteni ni shilingi 500,000. Jumla ni shilingi 2,100,000. Pikipiki iliyotumika tuseme ni shilingi 1,500,000. Tofauti ni shilingi 600,000.

Tofauti hiyo ni mali. Msiifiche. Mwenye pikipiki anaweza kuongeza pesa. Au mwenye mkokoteni abaki na mkokoteni, atoe maksai peke yao, na mwenye pikipiki aongeze shilingi 100,000. Au tofauti ilipwe baada ya mavuno. Kama mkubwa anataka kumsamehe mdogo wake, aseme wazi: "Hii shilingi 600,000 nimekupa zawadi." Zawadi iliyotajwa haidaiwi. Zawadi isiyotajwa hugeuka deni siku ya ugomvi.

Bei za kwenu mtazijua mnadani na kwa mafundi. Mwombeni mtu asiye wa ukoo akadirie vitu vyote viwili.

KUNA NJIA YA TATU

Wengine hufikiri majibu ni mawili tu: kukubali au kukataa. Kuna jibu la tatu. Badilishaneni kazi, msibadilishane chombo.

Mkubwa apeleke maksai wakalime eka mbili za mdogo. Mdogo naye abebe maziwa ya mkubwa kwa siku mtakazopatana. Fanyeni hivyo msimu mmoja. Mdogo ataona kama kweli anaweza kutunza maksai, kuwaogesha na kuamka alfajiri kuwalisha. Mkubwa ataona kama pesa ya maziwa inashinda pesa ya petroli. Msimu ukiisha, mtajua kwa macho yenu. Na ikishindikana, kila mtu bado ana chake.

ANDIKENI

Wahenga walisema pia: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mmejifunza kusoma na kuandika. Tumieni elimu hiyo. Karatasi yenu iseme: nani ametoa nini, kina kasoro gani, nani anaongeza kiasi gani, atalipa lini, na tarehe ya leo. Wekeni sahihi. Shahidi mmoja atoke kwa mkubwa, mmoja atoke kwa mdogo, na Mtendaji wa Kijiji agonge muhuri. Kwa pikipiki, mkataba upelekwe pia kwa wakili. Kila mmoja abaki na nakala yake.

JIBU LANGU

Kwa ndugu yetu wa Sengerema nasema hivi. Usimkatalie mdogo wako, wala usimkubalie leo. Kwanza zungumza na mkeo. Pili, omba kuona kadi. Tatu, usitoe maksai wakati mvua za kulimia zinakaribia. Mwezi Novemba na Desemba ni wakati wa kupanda pamba. Ukiwatoa maksai wakati huo, utapanda umechelewa, na pikipiki haitakulimia. Jaribuni njia ya tatu kwa msimu mmoja. Mkiona inafaa, badilishaneni baada ya mavuno.

Na kama mdogo wako atasema, "Kaka, huniamini?" mjibu hivi: "Nakuamini, mdogo wangu. Karatasi hii ni ya watoto wetu, ili wasije wakagombana sisi tukiwa hatupo."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu, chombo gani kinatumiwa na watu wengi zaidi?

2. Kwa nini pikipiki ya mkataba haifai kubadilishwa kabla deni halijaisha?

3. Andikeni pamoja mfano wa karatasi ya makubaliano kati ya ndugu wawili.

Tukutane tena mwezi ujao. Nawatakia kazi njema.

Bwana Shamba wenu