MAONI YETU: Usaili wa Madaktari wa Mifugo Uwe wa Haki

Kila mwaka vijana wetu waliofaulu mtihani wa kidato cha sita huomba nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako masomo hayo yalianza mwaka 1971 nayo huchukua miaka mitano. Nafasi hizo hutolewa hasa kwa kufuata alama za mtihani, na bayolojia na kemia ndizo zinazotangulizwa. Katika nchi nyingine alama peke yake hazitoshi: mwombaji huitwa pia mbele ya wasaili ili apimwe kwa maneno na fikira zake. Tunaona kwamba jambo hili lafaa lifikiriwe kwetu pia, na tunawaandikia ninyi askari wa jeshi na polisi kwa kuwa linawahusu kuliko mnavyodhani.

Karantini inapotangazwa, kama ilivyotangazwa katika wilaya nyingi za Uganda mwaka 2024 kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, askari ndiye anayesimama kizuizini usiku na mchana. Dereva wa lori humwonyesha kibali cha kusafirisha ng'ombe, naye askari hana budi kuamini sahihi iliyomo. Ikiwa sahihi hiyo imenunuliwa, basi kizuizi ni kazi bure. Tena mwishoni mwa mwaka 2023 kimeta kiliua watu katika wilaya ya Kyotera. Ugonjwa huo humpata mtu kwa kuchuna au kula mnyama aliyekufa nao, na askari aliye kambini hula nyama ile ile iuzwayo sokoni. Mbwa wa polisi naye, anayefuata nyayo za mwizi, afya yake i mikononi mwa daktari huyo huyo.

Mtihani huonyesha kama kijana anajua kimeta ni nini. Hauonyeshi kama atathubutu kumkatalia tajiri mwenye ng'ombe mia tano anayetaka kibali leo hii. Hauonyeshi kama ataweza kumweleza mjane, kwa upole na bila uongo, kwamba ng'ombe wake mmoja hatapona. Wala hauonyeshi kama atakubali kwenda Karamoja akapangiwa kazi huko. Mambo hayo hujulikana kwa kumsikiliza mtu.

Hata hivyo, wanaouogopa usaili wana sababu. Mtihani una sifa moja kubwa, nayo ni kwamba namba ya mtahiniwa haina kabila wala baba. Usaili wa wazee watatu nyuma ya meza moja ni mambo mengine. Mtoto wa mjini mwenye Kiingereza chepesi atawapendeza, na mtoto wa mfugaji au wa koplo, aliyekulia kambini, atababaika ingawa anajua zaidi. Hapo ndipo undugu na hongo hupata mlango wa kuingilia.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, huko Kanada, walieleza namna ya kusaili kwa vituo vingi vifupi. Mwombaji hupita katika vituo kama kumi, kila kimoja kwa dakika chache, na katika kila kituo hukutana na msaili mwingine na swali jingine. Waombaji wote huulizwa maswali yale yale, na kila msaili huandika alama zake peke yake. Msaili mmoja akimpendelea au akimchukia mtu, upendeleo wake humezwa na hukumu za wenzake. Na mwombaji aliyebabaika mahali pamoja hupata nafasi ya kujikomboa mahali pengine. Vyuo kadhaa vya mifugo vimeifuata njia hii, kikiwamo kile cha London kilichoanzishwa mwaka 1791.

Tunauunga mkono usaili wa namna hiyo, lakini kwa masharti. Kwanza, alama za mtihani zibaki kuwa msingi, na usaili uongezwe juu yake. Pili, wasaili wasipewe jina la baba wala la wilaya ya mwombaji. Tatu, maswali yatoke katika maisha yetu: mbwa mwenye kichaa amemng'ata mtoto kijijini, utafanya nini kwanza? Nne, kijana aliyechunga ndama na kumsaidia ng'ombe kuzaa ahesabiwe kuwa na uzoefu, sawa na yule aliyepata nafasi ya kukaa katika zahanati ya mifugo mjini.

Kwenu ninyi, ndugu askari, tunalo neno moja. Mnajua wenyewe uchungu wa kuona kijana hodari akirudishwa nyumbani siku ya kuandikisha askari, na goigoi akichukuliwa kwa sababu ya simu iliyopigwa na mkubwa fulani. Basi siku mtoto wenu atakapoitwa kusailiwa, msiipige simu hiyo. Cheo ni dhamana. Mwacheni aende na alichonacho kichwani na moyoni. Kwa maana akiingia kwa mlango wa nyuma, kesho ataandika kibali cha uongo, na atakayekipokea kizuizini ni askari mwenzenu.

Ugonjwa wa sotoka, uliofyeka ng'ombe wa Afrika kwa miaka mingi, ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetoweka duniani. Ulishindwa na chanjo pamoja na watu waaminifu walioifikisha mpaka maboma ya mbali. Watu wa namna hiyo ndio tunaotaka wachaguliwe.